Corolla 100 ya manyuali haiwaki: anza kwa kusikiliza stata

Naandika nikiwa na gari moja kichwani: Toyota Corolla ya mia, AE100, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1991, injini ya 5A-FE ya cc 1500, gia za manyuali. Ndiyo ninayoendesha, na ndiyo iliyoniweka pembeni ya barabara mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kama lako ni gari jingine la petroli la zama hizo, lenye distribyuta (kinachogawa cheche kwa plagi) na nozeli (vinyunyizi vya petroli), karibu kila kitu hapa kitakufaa. La kabureta lina mambo yake, nitayagusa kidogo.

Makosa mengi niliyoyaona, yangu na ya wenzangu, yalianza na mtu kununua kitu kabla ya kusikiliza. Gari haliwaki, mtu anakwenda kununua betri. Haliwaki tena, anakwenda kununua plagi. Jioni ana spea mpya tatu na gari liko palepale. Ukigeuza ufunguo, sauti utakayoipata inaondoa nusu ya visababishi kabla hujashika spana. Kwa hiyo nimepanga kwa sauti.

Kabla hujageuza ufunguo

Weka gia frii, vuta handibreki, na kama uko kwenye mteremko tia jiwe kwenye gurudumu. Corolla nyingi za manyuali za umri huu hazina kizuizi cha klachi: ukipiga stata gari likiwa ndani ya gia, stata yenyewe inalisukuma. Na kama mtu mwingine ndiye anayepiga stata wakati wewe umeinama kwenye boneti, mpe amri kwa maneno mnayoelewana, kisha toa mikono, kanga na tai karibu na mikanda.

Halafu kuna maswali ya aibu. Lina mafuta? Geji ya gari la miaka thelathini si shahidi wa kuaminika. Yangu husimama robo tangu tanki lina robo mpaka linakauka. Tia lita tano kabla ya kumwita mtu. Je, lina alamu au swichi ya siri ya kukata umeme? Wamiliki waliotangulia walipenda sana kufunga vidude hivi chini ya dashibodi, na goti la abiria linatosha kukizima. Rafiki yangu aliwahi kulipia gari kuvutwa hadi gereji, na fundi akaliwasha kwa kubonyeza kitufe kilichokuwa nyuma ya kisanduku cha majivu.

Kimya, au tik-tik-tik ya harakaharaka, na taa zinafifia

Huu ni umeme mdogo. Washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukizitazama. Zikififia sana au kuzimika, umeme haufiki wa kutosha.

Usikimbilie betri. Anza na vibanio vyake. Shika kila kimoja kwa mkono ukizungushe. Kikicheza hata kidogo, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. Mara nyingi utakuta ule unga mweupe unaoelekea kijani, umevimba kama povu lililokauka. Fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, kisha chanya. Mwagia vibanio maji ya moto uone unga unavyoyeyuka, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, pakaa grisi kidogo juu. Kazi ya dakika kumi na tano. Kwa uzoefu wangu hiki ndicho kisababishi namba moja, na ndicho ambacho kinauza betri nyingi zisizohitajika.

Fuata waya wa hasi mpaka unakofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hiyo athi huoza taratibu, hasa kwa magari ya pwani ambako chumvi iko hewani.

Vibanio vikiwa safi, pima betri. Mita ya bei ndogo inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni tupu. Mwambie mtu apige stata: ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imechajiwa, betri imechoka. Gari likiwaka, pima tena. Unataka kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu tu, altaneta haichaji, na betri mpya nayo utaiua ndani ya siku mbili. Kama betri ina vifuniko, tazama maji: yanatakiwa yafunike sahani za ndani. Ongeza maji ya betri pekee, usitie ya bomba wala asidi.

Kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, kuna utaratibu, na watu wengi huuruka. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Kutoa ni kinyumenyume. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo inayoilipua. Kwa hiyo hakuna sigara, na hakuna kumulikia kwa kiberiti.

Simama hapa kama betri imevimba tumbo, imepasuka au inanuka kama mayai viza. Usiibusti, usiisukumie umeme. Ibadilishwe. Asidi ikikurukia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua ishirini, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Tik moja nzito, taa zinabaki kali

Kwenye Corolla hizi tatizo hili lina sura moja, na nililipia ada ya kulijua. Asubuhi moja gari lilitoa tik, likanyamaza. Nikarudia: tik. Mara ya saba likawaka kama halijawahi kuumwa. Wiki nzima likawa hivyo, mara ya tatu, mara ya kumi, mpaka likagoma kabisa. Fundi wa kwanza akaniuzia betri. Taa zilikuwa zinawaka kali muda wote, lakini sikuwa najua hiyo ina maana gani.

Ndani ya kichwa cha stata mna kontakti mbili za shaba na sahani inayokuja kuziunganisha. Ile tik ni sahani inagonga. Miaka ikienda, shaba inaungua na kuliwa upande mmoja, sahani inafika lakini haigusi vizuri. Fundi wa pili alifungua kifuniko, akanionyesha: moja ilikuwa nene kama shilingi, nyingine imebaki ukingo mwembamba, mweusi. Zinauzwa peke yake, kwa bei ndogo mno ukilinganisha na stata nzima. Ukienda Kariakoo, au barabara ya Kirinyaga kama uko Nairobi, beba ile ya zamani mfukoni ulinganishe. Usikubali ya kukisia.

Cha kujaribu kabla hujafungua: gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa spana huku mwenzako akishikilia ufunguo. Ikiamka, basi ni kontakti au kaboni za ndani ya stata zilizokwisha. Huu ni msaada wa kukufikisha gereji. Ukipona leo, kesho haikuahidi.

Kama hata tik haipo na taa ni kali, tazama ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata. Mara nyingi umechomoka au umelegea. Baada yake inafuata swichi ya ufunguo yenyewe. Kwa gari lenye swichi ya klachi, kanyaga klachi mpaka chini kabisa.

Onyo: waya mnene wa stata una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Usiushike na spana kabla hujafungua hasi ya betri. Spana ikigusa bodi inakuwa nyekundu mkononi mwako. Stata ya injini hii pia imekaa mahali pabaya kufikia. Kama kuitoa kunakulazimu kulala chini ya gari, na huna stendi za chuma, mwachie fundi. Jeki peke yake haiaminiki.

Stata inazunguka vizuri, injini haishiki

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu visababishi ni vingi. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe dakika moja.

Sikiliza kwanza mwendo wa stata. Ikizunguka nyepesi, haraka, laini kama cherehani, bila ule mwendo wa kukaza na kulegea uliouzoea, acha mara moja na fikiria mkanda wa taimingi. Kipimo chake ni rahisi: fungua kofia ya distribyuta, mwambie mtu apige stata, tazama rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake. Kwenye injini hii distribyuta inaendeshwa na kamshafti, ambayo nayo huzungushwa na mkanda huo, kwa hiyo rota isipozunguka, mkanda umekatika. Hakuna kusukuma gari, hakuna kubusti, ita fundi. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari la mtumba ambalo hujui historia yake, hesabu kwamba muda umeshapita.

Rota ikizunguka, geuza ufunguo hatua ya pili bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, na balbu ni nzima, kompyuta ya injini haina umeme: fungua kisanduku cha fyuzi kwenye boneti, tafuta iliyoandikwa EFI kwenye kifuniko, itazame, kisha badilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine inayofanana uone. Fyuzi iliyoungua weka ya ampea ileile. Ikiungua tena, kuna waya umegusa bodi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Anayeweka karatasi ya sigara au waya badala ya fyuzi anatafuta moto.

Taa ikiwaka, swali linabaki moja: linakosa cheche au linakosa mafuta? Piga stata sekunde kumi, kisha chomoa plagi moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta cheche. Ikiwa kavu kabisa, tafuta mafuta.

*Cheche.* Chukua plagi nzima ya akiba, ivalishe waya wa plagi, ilaze ikigusa chuma cha injini, shika kwa koleo lenye mpini wa mpira, mwenzako apige stata. Kabla ya hapo chomoa soketi nne za nozeli ili petroli isirushwe. Usichomoe fyuzi ya EFI kwa kudhani ni njia ya mkato. Kompyuta nayo itazima, cheche haitatoka, utahukumu koili, inayozalisha cheche, isiyo na kosa. Na usiache waya wa plagi ukining'inia hewani, umeme usipopata pa kwenda hurudi na kuua ignaita, kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru koili. Unatafuta cheche ya bluu inayolia. Ya njano na nyonge ni mbovu.

Ikikosekana au ikiwa nyonge, fuata mpangilio huu:

- Unyevu. Jana gari lilioshwa injini? Fungua kofia ya distribyuta, ifute kwa kitambaa kikavu, ianike juani.
- Kofia na rota zenyewe. Tazama ndani kama kuna mstari mweusi mwembamba kama nywele. Huo ni ufa, umeme unapita humo. Ncha za rota zilizoliwa zinabadilishwa.
- Waya za plagi. Fungua boneti gizani, ukiona vicheche vya bluu vinacheza juu ya waya, waya hizo zimekwisha. Ukizichomoa zote, ziwekee alama. Mpangilio wa injini hii ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ya upande wa mikanda.
- Koili na ignaita. Kwenye nyingi za mia, koili imejificha humohumo ndani ya distribyuta. Hii haipimwi kwa macho.

Kabla ya kununua distribyuta nzima, iulize kompyuta. Kwenye boneti kuna kisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Piga stata mara kadhaa, acha ufunguo ukiwa umewashwa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kukonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja ni kwamba haioni kosa. Moja, kituo, mbili, ndiyo kodi 12: haipati mzunguko wa injini kutoka kwenye distribyuta. Kodi 14 ni jibu la ignaita halirudi. Ukifungua betri kabla ya kusoma, kodi zinafutika.

*Mafuta.* Kuna jambo linapotosha hata mafundi. Magari mengi ukigeuza ufunguo unasikia pampu ikivuma sekunde mbili. Toyota hizi hazifanyi hivyo. Pampu huanza pale injini inapozunguka. Kwa hiyo ukimya wa tanki ufunguo ukiwa umewashwa si ushahidi wa pampu mbovu, na pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kosa hili. Kipimo kiko kwenye kisanduku kilekile cha DIAGNOSIS: unganisha +B na FP, washa ufunguo, pampu itazunguka mfululizo. Tega sikio chini ya kiti cha nyuma. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili, tundu la makosa linaweza kuunguza kitu cha bei.

Ikivuma kwa waya lakini gari haliwaki, rilei ya pampu ndiyo ya kufuata, au chujio limeziba. Isipovuma hata kidogo, gonga tanki kwa chini ukitumia ngumi. Pampu iliyochoka wakati mwingine huamka na kukufikisha nyumbani. Na kama gari lilianza kusumbua mara tu baada ya kujaza, hasa petroli ya dumu barabarani, nusa na utazame: weka kidogo kwenye chupa safi, iache itulie. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina harufu nzito na huacha kidole kikiwa na utelezi. Hapo tanki linamwagwa.

Wenye kabureta: wengi huanza asubuhi kwa kusahau choki. Vuta choki, kanyaga mafuta mara mbili, piga. Ule mtindo wa kumwaga petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anapiga stata, acha. Injini ikikohoa kinyume, moto unatoka juu, na wewe umeshika chupa.

Mfumo wa petroli wa nozeli una presha hata gari likiwa limezimwa. Kulegeza bomba juu ya injini yenye moto ni kujitafutia ajali. Ukinusa petroli kwa nguvu au ukiona tone lolote, toa ufunguo, fungua hasi ya betri, sogea mbali, piga simu. Hakuna kujaribu mara moja ya mwisho.

Linawaka ukishika ufunguo, ukiachia linazima

Mara nyingi ni swichi ya ufunguo. Nafasi ya kupigia stata ni nzima, nafasi ya kutembelea kontakti zake zimekwisha. Cheza na ufunguo kidogo ukiwa umewashwa. Taa za dashibodi zikiruka, umepata. Ya pili ni saketi ya rilei ya pampu, ambayo hupata umeme wakati wa stata kwa njia moja na injini ikiwaka kwa njia nyingine. Likiwaka kwa kukanyaga mafuta tu na kuzima ukiachia pedali, throto, mlango wa hewa ya injini, imejaa masizi, isafishwe.

Asubuhi linawaka, likipata moto linagoma

Pima cheche wakati huohuo limegoma, kwa sababu likipoa ushahidi unapotea. Hakuna cheche, na baada ya nusu saa linawaka: ignaita au koili inakufa kwa joto. Cheche ipo na plagi zimelowa: limenywa kupita kiasi. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo bila kupampu, piga stata sekunde kumi ili hewa iingie kwa wingi. Likizoea tabia hiyo, sensa ya joto la maji inadanganya kompyuta. Kodi yake ni 22.

Kusukuma

Gari la manyuali lina neema hii, ila itumie kwa betri dhaifu au stata iliyokufa, basi. Washa ufunguo, tia gia ya pili, kanyaga klachi, vijana wasukume mpaka mwendo wa kukimbia polepole, achia klachi ghafla na uikanyage tena likiwaka. Breki na usukani vitakuwa vigumu mpaka injini ishike, kwa hiyo usijaribu kwenye mteremko wenye watu mbele. Betri ikiwa imekufa kabisa, hata taa ya dashibodi haiwaki, mtachoka bure: nozeli, pampu na kompyuta vinahitaji umeme.

Stata inagonga "ngo!" mara moja na kukwama

Kama jana usiku ulipita kwenye maji, pale Jangwani, Dar es Salaam, mto Msimbazi ulipofurika au popote yalipofika kwenye bampa, hii si betri. Maji yameingia kwenye silinda kupitia chujio la hewa, na maji hayabanwi. Ukilazimisha kwa stata, na zaidi ukilisukuma, fimbo ya pistoni inapinda. Toa ufunguo. Fungua boksi la chujio la hewa. Likiwa limelowa, umethibitisha. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamefika chini pia, au gasketi ya silinda hedi imekufa, na injini isizungushwe mpaka oili imwagwe.

Ita fundi, livutwe likiwa frii. Atachomoa plagi zote nne, ataondoa soketi za nozeli, kisha atapiga stata kwa muda mfupi, na maji yatarushwa juu kupitia matundu ya plagi. Simama pembeni, si mbele ya boneti. Mwambie maji yalifika urefu gani, injini ilizima yenyewe au uliizima wewe, na baada ya hapo umepiga stata mara ngapi. Hiyo ya mwisho mwambie ukweli.